Amani: Kijiji cha Wadachi Juu ya Milima ya Usambara

Ninyi mkaao Bonde mnaijua milima iliyo upande wa machweo ya jua. Asubuhi isiyo na ukungu huonekana kama ukuta mrefu wenye rangi ya samawati. Ikifika adhuhuri mawingu hukaa juu yake, na jioni mara nyingi mvua imekwisha kunyesha huko, hali chini hapa vumbi bado ni lile lile. Ndani ya mawingu hayo kimo kijiji kimoja kidogo ambacho asili yake si cha Wasambaa wala si cha Wabondei. Kilijengwa na Wadachi, yaani Wajerumani kama tunavyowaita sasa, na jina lake ni Amani.

Nilipanda huko pamoja na watoto wa shule. Tulipofika, tukaona nyumba za mawe zenye baraza pana, kila moja juu ya kilima chake, tukaona nyumba ya posta, na nyumba kubwa ya maktaba na kazi za wataalamu, na pande zote miti ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, watu hawa walikuwa wakitafuta nini huku juu?" Nikamjibu kwa maneno machache, kama tufanyavyo walimu tukiwa tumechoka kupanda. Walakini swali lake halikuniacha, na habari hizi naziandika kwa ajili yake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Milima ya Usambara ni sehemu mbili, nayo imetengwa na bonde la mto Lwengera. Usambara ya magharibi, kwenye Lushoto, Mlalo na Vuga, ni mirefu zaidi, na watu ni wengi tangu zamani. Usambara ya mashariki ni mifupi, lakini i karibu na bahari. Amani ipo kimo cha futi 3,000 hivi. Upepo utokao baharini, wenye unyevu mwingi, ukiisha kupita Tanga na Muheza hugonga milima hii. Hapana budi upande juu, na ukipanda hupoa, na ukipoa huumwaga unyevu wake. Kwa hiyo Amani hupata mvua kama inchi 75 kwa mwaka, na hata katika miezi ya kiangazi ni nadra ardhi kukauka kabisa. Maji hayo hushuka kwa mto Zigi, na watu wa mji wa Tanga huyanywa. Mtu afunguaye bomba Ngamiani hunywa mvua ya Amani, ingawa pengine hajafika huko maisha yake yote.

Msitu wa milima hii ni wa kale mno. Umetengwa na misitu mingine kwa muda mrefu sana, hata imekuwa na miti, vyura, vinyonga na ndege wasioonekana mahali pengine po pote duniani. Ua moja dogo la zambarau, limealo penye miamba na kivuli, lilionekana mwaka 1892 na Bwana Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga. Akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, katika kijiji cha Fischbach. Na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi walinyweshao kila siku hawajui Tanga iko wapi.

Zamani nchi hii ilikuwa chini ya wafalme Wakilindi waliokaa Vuga. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, wana na wajukuu wake wakagombana. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi, na watu wengi wakakamatwa wakauzwa Pangani na Tanga. Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1888 watu wa pwani walisimama kupigana nao pamoja na Abushiri bin Salim, lakini Wissmann akawashinda, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Baada ya hayo njia ya milimani ilikuwa wazi.

Wadachi walipouona msitu wa Usambara ya mashariki walifurahi sana. Waliona miti minene iliyopita kimo cha mnara, wakasema, mahali panapootesha miti ya namna hii hapana budi pana ardhi ya rutuba kupita kiasi. Basi mwaka 1891 Kompani ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ikaanza shamba la kahawa Derema, karibu na hapo palipojengwa Amani baadaye, na wengine wakafuata, Ngwelo, Bulwa na kwingineko. Miti ikakatwa, ikachomwa, mibuni ikapandwa. Wenyeji walikuwa wachache kule juu, wala hawakutaka kuacha mashamba yao wafanye kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwaka 1892 waliletwa Wachina na watu wa Java kuvuka bahari yote ya Hindi. Jambo hilo lilikuwa na gharama kubwa wala halikudumu. Baadaye wenye mashamba wakategemea hasa Wanyamwezi, waliotembea majuma mengi kutoka kwao. Ardhi nayo ilichukuliwa kwa njia ya sheria: amri ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi yo yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Lakini ninyi mnajua desturi yetu, ya kwamba mtu huliacha shamba lake lipumzike miaka kadha wa kadha, kisha hulirudia. Shamba lililopumzika, machoni pa Mdachi, lilikuwa halina mwenyewe.

Hata miaka michache ikapita, na kahawa ikaanza kudhoofika. Mibuni ikawa na majani ya manjano, wadudu wakaingia katika mashina, mazao yakapungua. Sababu nataka kuieleza vizuri, maana inafaa kwa kila mkulima. Udongo wa Amani ni mwekundu, nao kwa wenyewe ni maskini. Mvua nyingi ya miaka maelfu imeosha chumvi zake ikazipeleka bondeni. Msitu haukuishi kwa udongo ule, uliishi kwa mali yake mwenyewe: jani lianguka, laoza, na mizizi iliyo juu juu yalinyonya upesi kabla mvua haijalichukua. Mali yote ilikuwa katika miti yenyewe na katika tabaka nyembamba la majani. Mtu akiukata msitu na kuuchoma, hupata mavuno mazuri mara mbili tatu kwa nguvu ya majivu, kisha amebaki na udongo mtupu. Wadachi walikuwa kama mtu aonaye nguo nzuri za jirani akadhani ana fedha nyingi sandukuni, kumbe fedha yote ameivaa.

Ndipo Serikali ya Kidachi ilipoona ya kuwa wakulima wake wanahitaji maarifa. Mwaka 1902 ikaanzisha Amani chuo cha kuchunguza mimea na kilimo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Dr. Franz Stuhlmann, yule aliyesafiri pamoja na Emin Pasha mpaka nchi za maziwa. Mfano waliouiga ulikuwa bustani kubwa ya Waholanzi iliyoko Buitenzorg katika Java. Mlima ulifaa sana kwa kazi hiyo, maana kutoka Zigi bondeni mpaka kilele cha Bomole juu ya kijiji, mtu hupita katika joto la pwani na katika baridi ya milimani kwa mwendo wa saa chache. Kwa hiyo waliweza kupanda mimea ya nchi nyingi, kila mmoja mahali pake. Bustani yao ilienea hekta 300 hivi, na ndani yake walitia midalasini, mikafuri, mikarafuu, iliki, miti ya mpira ya namna nyingi, mianzi, na miti ya kwinini itokayo milima ya Amerika ya Kusini. Walijaribu na chai, na mashamba ya chai tuyaonayo leo Bulwa na Kwamkoro yana asili yake katika jaribio lile.

Kwa kufika huko, reli ilitoka Tanga. Ilianzwa kujengwa mwaka 1893, ikafika Muheza, kisha Korogwe mwaka 1902. Kutoka Tengeni ikatengenezwa reli nyingine nyembamba ya kwenda Zigi, kwa ajili ya mbao hasa. Nyumba ya stesheni ya Zigi ipo hata leo, nao wageni waingiao katika msitu huandikishwa hapo.

Maisha ya kijiji yalikuwa ya namna gani? Wataalamu wa Kidachi walikuwa wachache. Walikuwa na maktaba, gazeti lao la kilimo lililoitwa Der Pflanzer kuanzia mwaka 1905, na baraza za kukalia jioni. Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch, tabibu mwenye sifa kuliko wote wa Ujerumani, alifika akachunguza mbung'o. Lakini nyumba hazikujijenga zenyewe, wala bustani haikujilima. Mawe, chokaa na sanduku za vitabu zilipanda mlima ule juu ya vichwa vya watu. Majina ya wataalamu yameandikwa katika vitabu; majina ya wachukuzi hayakuandikwa. Hata elimu yenyewe haikutoka Ulaya tu. Mtaalamu mmoja, Karl Braun, aliyekaa Amani tangu mwaka 1904, aliandika majina ya mimea kwa Kisambaa na matumizi yake kwa dawa. Nani aliyemwambia? Wazee na wanawake wa milima hii walimwambia, naye akaandika.

Wala tusisahau ya kuwa chuo hiki kilikuwa cha kuwafaa wenye mashamba wa Kizungu kwanza. Katika miaka hiyo hiyo, wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa, ilitoa amri mwaka 1907 kwamba kila mwanamume achukue kadi ya kazi, afanye kazi ya Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kijiji kiliitwa Amani, lakini si kila mtu aliyeipata.

Mwaka 1914 vita vikuu vikaja. Mwezi wa Novemba Waingereza na Wahindi waliteremka Tanga, wakashindwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Lakini meli za Kiingereza zilifunga bahari, wala kitu cho chote hakikuweza kutoka Ujerumani. Ndipo bustani ya Amani ilipogeuka ghala na kiwanda. Wataalamu chini ya Profesa Albrecht Zimmermann walitengeneza kwinini kutoka magome ya miti yao wenyewe, na sabuni, na mafuta ya mbarika, na chokoleti, na unga wa kusugua meno, hata na pombe kali. Bila kwinini jeshi lile lisingaliweza kukaa porini. Mwaka 1916 Waingereza walipoichukua nchi ya Tanga na Usambara, Zimmermann na Braun waliachwa waendelee kuitunza bustani, mpaka mwaka 1920 wakarudishwa kwao.

Baada ya hapo Amani ilikaa karibu kufa. Magugu yakapanda barazani. Tume iliyotoka Uingereza, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1925, ililalamika kuona mahali pa namna ile pameachwa, na kwa muda wa miaka miwili hivi pakafunguliwa tena chini ya Bwana William Nowell, pawe chuo cha uchunguzi wa kilimo kwa Afrika ya Mashariki yote. Mmoja wa waliokuja, Bwana Reginald Moreau, kazi yake ilikuwa hesabu na maktaba, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Pamoja na msaidizi wake Salimu Asmani aliyajua maisha ya ndege wa msitu kuliko mtu mwingine, na ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyeonekana Amani, akapewa jina la Moreau mwaka 1931. Mimi naona lingeweza kuwa jina la Salimu vile vile.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya niandike, nalo ni la muhogo. Kila mmoja wetu ameona muhogo wenye batobato: majani yamejikunja, yana mabaka ya manjano, na ukichimba hupati kitu. Ugonjwa huu uliandikwa vitabuni kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, na Mdachi aitwaye Warburg, kwa habari za nchi hii yetu. Mwaka 1906 Zimmermann, akiwa Amani, alifikiri kwamba hauletwi na wadudu waonekanao, bali na kitu kidogo mno kisichoonekana hata kwa darubini za siku zile. Sasa twakiita virusi. Alisema kweli. Wakati wa Waingereza, Bwana H. H. Storey na Bwana Nichols walithibitisha ya kwamba inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani ndio wachukuao ugonjwa kutoka mmea hata mmea. Lakini kumjua mwizi si kumfunga. Walijaribu mihogo ya nchi nyingi, na yote iliugua, mingine sana, mingine kidogo.

Hapo wakaukumbuka mti wa mpira. Si ule mrefu wa Malaya. Ni ule mdogo uitwao Manihot glaziovii, utokao Brazil, ambao Wadachi walikuwa wameupanda kwa wingi Muheza na Tanga kwa ajili ya utomvu. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, kwa sababu ya mashamba ya Malaya, wenye mashamba wengi walipata hasara kubwa, na miti ikaachwa ikajiotea ovyo. Walakini mti huu ni wa jamaa moja na muhogo, nao hauogopi sana batobato. Basi katika miaka ya 1930 watu wa Amani walianza kuoza muhogo kwa mpira. Huchukuliwa unga wa ua la kiume, hupakwa kwa mkono juu ya ua la kike, kisha ua hufungwa nyuki asije akaharibu kazi. Mtoto wa kwanza alikuwa mti mgumu, mwenye afya, usio na mizizi ya kula. Akaozwa tena na muhogo, na mjukuu akaozwa tena, na kitukuu akaozwa tena. Mara ya tatu ndipo ilipopatikana mihogo yenye mizizi minene na majani safi. Kila mara ilipasa kungoja mmea ukue, utoe maua, uzae mbegu, mbegu ipandwe, kisha wang'oe yote iliyougua, na hiyo ndiyo iliyokuwa mingi. Kazi hiyo ilichukua miaka ishirini, na vita vya pili vilipita katikati yake.

Chuo cha kilimo kilihamishiwa Muguga, Kenya, miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzo wa 1950, lakini mbegu za Amani zilikuwa zimekwisha kwenda mbali. Nyingine zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ukapatikana muhogo mmoja ulioandikwa kwa namba 58308. Miaka ya 1970 chuo cha Ibadan kiliutumia muhogo huo kuwa mzazi wa mihogo yao mipya. Na miaka ya 1990, batobato kali kuliko zote lilipoingia Uganda, na watu wakakosa chakula katika wilaya nzima nzima, mihogo iliyoletwa kutoka Ibadan ndiyo iliyosimama shambani. Hivyo damu ya mti wa mpira ulioachwa Muheza ilizunguka Afrika ikarudi karibu na kwao. Mtu aliyekula muhogo ule Uganda hakujua habari ya Zimmermann, wala ya Storey, wala ya vijana wa Kisambaa waliofunga maua kwa mikono yao. Alijua ya kuwa watoto wamekula.

Si kila kilichotoka katika bustani ile kilikuwa baraka. Mti uitwao Maesopsis, ambao asili yake ni nchi za ziwa Viktoria, uliletwa kupandwa kwa ajili ya mbao na kivuli. Hondohondo wanapenda sana matunda yake, huyameza na kuziangusha mbegu mbali msituni. Mahali palipokatwa miti ya asili, mti huu huota upesi ukachukua nafasi yote. Miaka ya 1970 na ya 1980 miti mingi ilikatwa kwa mashine, hata ukataji ukazuiwa. Na mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu pamoja na bustani ya zamani ikafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wenyeji wa vijiji vya kando hupata faida kidogo kwa wageni, na pia wamezuiwa mahali walipozoea kuokota kuni na kupanda iliki chini ya miti. Mambo haya mawili yote ni kweli, nao huyasema yote mawili ukikaa nao barazani.

Nyumba za Wadachi zilirithiwa na watu wa malaria. Baada ya kilimo kuondoka, uchunguzi wa malaria, ulioanzwa mwaka 1949 chini ya Dr. Bagster Wilson, ulipata makao yake Amani. Ni ajabu kidogo, maana kwenye baridi ile mbu ni wachache. Watu walikaa juu wakateremka kuwatafuta mbu bondeni. Kutoka hapo waliendesha kazi ya kupiga dawa majumbani Upare na Taveta, katikati ya miaka ya 1950. Sasa chuo ni cha Taifa, lakini wataalamu wengi wamehamia Muheza, penye barabara na hospitali na mbu wenyewe. Maktaba ya Amani imebaki na vitabu vyake vya Kidachi, na mtunzaji huvifuta ukungu usiwale kurasa.

Yule Karl Braun aliporudi kwao alikaa Stade, mji mdogo karibu na Hamburg. Alichukua vitu mamia vya nchi yetu, vyombo vya nyumbani, dawa, ngoma na mishale, pamoja na daftari zake nyingi, na vyote vimo katika nyumba ya makumbusho ya huko. Katika miaka hii ya karibuni watu wa Stade wameanza kuvichunguza pamoja na Watanzania, wakiuliza kila kitu kilipatikanaje: kilinunuliwa, kilitolewa, au kilichukuliwa. Yule mtoto aliyeniuliza nimemwambia habari hiyo. Naye ameniuliza tena, kama kati ya vitu hivyo kuna kinu cha bibi yake mzaa bibi, maana kwao walikaa Derema.